Presha ikianguka kwenye mashine ya dayalisisi: tupige picha ya mshipa, mapafu au moyo?

Presha ya mgonjwa ikianguka katikati ya dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine figo zinaposhindwa, yanayofuata yajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha mashine: miayo, jasho jembamba, kichefuchefu, misuli ya miguu kukaza, kisha macho kulegea. Tunasimamisha utoaji wa maji, tunalaza kiti, tunainua miguu, tunamrudishia maji ya chumvi mililita 100 au 200. Mara nyingi huzinduka. Lakini yale maji aliyokuja kuyatoa yamebaki mwilini, na sisi tumemwongezea mengine.

Madhara yake hayaishii hapo kitini. Kila presha inaposhuka sana, misuli ya moyo hukosa damu ya kutosha na baadhi ya sehemu zake huzubaa. Hali hiyo ikijirudia wiki nenda wiki rudi, moyo hudhoofika. Fistula ya mkono, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, nayo yaweza kuganda, na mgonjwa akarudi kwenye katheta (mrija) ya shingoni pamoja na hatari zake zote. Miongozo mingi huhesabu kuwa presha imeshuka pale namba ya juu inapopungua kwa 20 au zaidi na mgonjwa akawa na dalili. Tafiti zimeonyesha pia kuwa wale ambao namba ya juu huteremka chini ya 90 wakiwa kwenye mashine hufariki zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo kujua mapema nani ataanguka leo ni jambo linalostahili jitihada.

Siku hizi ultrasaundi, mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, imekuwa ndogo, hata ziko za mkononi zinazochomekwa kwenye simu. Kituo kinachoweka katheta kwa usalama huwa tayari nayo. Swali linalowakuta manesi na matabibu wa figo hapa Mombasa ni hili: tukiwa na mashine moja na dakika chache kabla ya kumwunganisha mgonjwa, tuangalie nini? Rai yangu naitanguliza. Anza na mapafu na mshipa wa vena kava, ule mkuu unaorudisha damu moyoni, kwa pamoja. Picha ya moyo iwe ya wale wanaoanguka mara kwa mara. Na usipige picha yoyote kabla ya kusoma faili na kupiga hesabu ya kilo.

Kwanza, kile kisichohitaji mashine

Hakuna picha inayotabiri vizuri kuliko faili. Mgonjwa aliyeanguka Jumatatu ana nafasi kubwa ya kuanguka tena Alhamisi, hasa akiwa mzee, ana kisukari, moyo wake ni dhaifu, au albumini yake (protini ya damu) iko chini. Hayo yote yameandikwa tayari, na kuyasoma hakuli hata dakika mbili.

Baada ya faili, hesabu. Chukua mililita zinazotakiwa kutolewa, gawanya kwa saa za kikao, kisha gawanya kwa uzito wa mgonjwa. Mtu wa kilo 60 aliyeongeza kilo tatu na nusu, akikaa saa 4, atatolewa karibu mililita 14.6 kwa kila kilo kwa kila saa. Kasi inayozidi 13 imehusishwa na vifo vingi zaidi, na wengi hupendelea isivuke 10. Mtu huyohuyo akikaa saa 5 kasi inateremka hadi kama 11.7. Hapo umeshatabiri, na umeshaona pa kurekebisha, bila hata tone la jeli.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwetu, kwa sababu wagonjwa wengi hapa husafishwa mara mbili kwa wiki badala ya mara tatu. Kati ya kikao na kikao hupita siku tatu au nne, na maji ya siku zote hizo hutakiwa yatoke kwa saa zilezile 4. Ongeza joto la kaskazi. Ongeza chakula chetu: ng'onda, achari, bhajia za njiani, viazi vya karai na chatne yake. Chumvi huleta kiu, na kiu ya Mombasa mwezi wa Februari haibembelezeki kwa maneno. Mfungo ukifika, anayefunga kwa ruhusa ya daktari wake hushinda bila tone kisha akanywa kwa mkupuo baada ya magharibi. (Na dafu, ambalo kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa huliona ni dawa, lina potasiamu nyingi. Hiyo ni hatari ya aina nyingine kabisa, ila siwezi kulitaja dafu nikalinyamazia hilo.)

Yapo pia maswali mawili ya kuuliza pale kwenye mizani. "Shikamoo baba, leo dawa za presha umezimeza?" Wengi humeza zote alfajiri kabla ya kupanda feri ya Likoni, na zinafika kilele chake akiwa mashineni. La pili ni kama atakula wakati wa kikao. Mahamri na mbaazi za saa nne asubuhi huvuta damu kwenda tumboni, na kwa mwenye presha tete hilo latosha kumwangusha.

Basi picha inaongeza nini juu ya hayo? Inajibu kitu ambacho mizani haiwezi. Mizani husema ameongeza kilo tatu. Haisemi kilo hizo ziko wapi: ndani ya mishipa ambako mashine inazifikia, au miguuni, tumboni na mapafuni ambako zitarudi kwenye damu polepole. Wala haisemi kama ule uzito mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada, tuliomwandikia miezi iliyopita bado ni wa kweli. Mgonjwa aliyekonda kwa kukosa hamu ya kula hubeba maji mahali pa nyama iliyopotea na mizani isishtuke. Aliyenenepa naye huvuliwa maji ambayo hakuwa nayo, akaanguka kila kikao.

Vena kava

Huu ndio mshipa mkuu unaorudisha damu ya sehemu ya chini ya mwili moyoni. Umekuwa ukipimwa kwa wagonjwa wa dayalisisi tangu miaka ya 1980. Probu ya tumbo, kile kichwa cha ultrasaundi kinachogusa ngozi, huwekwa chini ya kifua, mshipa hutafutwa unapopita nyuma ya ini kuelekea moyoni, na kipenyo hupimwa kama sentimita 2 kabla haujaingia moyoni. Unafanya kazi kama mpira wa bustani: ukijaa husimama, ukipungukiwa hubonyea. Mgonjwa akivuta pumzi kwa pua ghafla, mshipa wa milimita 21 au chini yake unaobonyea zaidi ya nusu huashiria shinikizo dogo upande wa kulia wa moyo. Uliozidi milimita 21 na usiobonyea hata nusu huashiria shinikizo kubwa.

Uzuri wake ni kwamba unagusa moja kwa moja swali letu. Mshipa mwembamba unaobonyea kabisa kabla ya kikao unasema damu ndani ya mishipa ni kidogo, na ukianza kutoa maji kwa kasi hana akiba ya kuvumilia. Hilo ni onyo la kweli.

Ubaya wake ni mwingi, na nitausema wote kwa sababu ndio picha watu huifundishwa kwanza na kuiamini kupita kiasi. Mgonjwa mnene au mwenye gesi tumboni huonekana kwa shida. Anayevuta pumzi ndefu kwa kuhangaika huubonyeza mshipa hata kama umejaa. Probu ikiteleza pembeni kidogo, hukata ukingo wa mshipa na kukupa kipenyo cha uongo kilicho chembamba. Anayejifunza huchanganya na mshipa wa aota, ambao uko kushoto kidogo, unadunda, na hauingii moyoni kwa kupitia nyuma ya ini. Zaidi ya hayo, mwenye shinikizo la juu kwenye mishipa ya mapafu, au vali ya kulia inayovuja, huwa na vena kava pana kila siku, hata siku aliyopungukiwa na maji. Wagonjwa wa dayalisisi wa namna hiyo si wachache.

Tena kuna suala la wakati. Ukipima mara tu baada ya kikao, mshipa utaonekana mwembamba kuliko ilivyo, kwa sababu maji ya mwilini bado yanaendelea kurudi kwenye damu. Kungoja saa moja au mbili ndiyo dawa, lakini mgonjwa wa Kilifi au Kwale anawahi matatu, hangoji. Pima kabla ya kikao, siku zote kwa mlalo uleule, na ulinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Mapafu

Mapafu makavu hayaonyeshi kitu kingi kwenye ultrasaundi. Yakianza kuingia maji, mistari myeupe iliyosimama huchipuka kwenye utando wa mapafu, hushuka hadi chini ya kioo bila kufifia, na husogea pamoja na pumzi. Hiyo ndiyo mistari B. Kuna njia ndefu ya kuihesabu katika sehemu 28 za kifua, na njia fupi ya sehemu 8, nne kila upande, ambapo sehemu yenye mistari mitatu au zaidi huhesabiwa kuwa ina maji. Njia fupi hukamilika wakati mwenzako anatayarisha sindano.

Kwa mtu anayeanza, haya ndiyo mafunzo rahisi kuliko yote. Probu yoyote ya tumbo inafaa, mgonjwa anakaa alivyokaa, unene haumzuii sana, na matokeo ya watu wawili hayatofautiani kwa mbali. Katika utafiti wa LUST uliofanyika Ulaya, madaktari wa figo walifundishwa kusoma mistari hii kupitia intaneti. Utafiti huohuo ulionyesha, mwaka 2016, kuwa kusikiliza mapafu kwa stetoskopu na kubonyeza miguu kuangalia uvimbe hukosa sehemu kubwa ya maji ambayo ultrasaundi huyaona. Kila nesi aliyewahi kuambiwa "kifua ni safi" kisha mgonjwa akaja usiku akitweta anaelewa maana ya hilo.

Lakini tuwe wakweli juu ya kile mapafu yanachotabiri. Mistari B inakuambia kuna maji ya kutoa. Haikuambii kwamba mgonjwa atavumilia ukiyatoa. Matokeo makuu ya LUST yalipotoka mwaka 2021, kuongoza uzito mkavu kwa mistari B kulipunguza maji mapafuni kwa wagonjwa wenye hatari kubwa ya moyo, ila hakukupunguza kwa uhakika jumla ya vifo, mishtuko ya moyo na moyo kushindwa kazi. Uchambuzi uliofuata ulionyesha marudio machache ya moyo kushindwa, na hilo lina thamani yake, bali si lile tulilokuwa tukilitumaini kwanza. Tena mapafu yenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, nimonia, au ugonjwa wa kukakamaa kwa mapafu hutoa mistari B isiyohusiana na maji kabisa. Uliza historia kabla ya kuhesabu.

Picha mbili zikikutana

Hapa ndipo uamuzi hasa unapofanyika, na ndiyo sababu sikubaliani na anayechagua moja tu kati ya hizo mbili. Kila moja peke yake hukosea kwa namna ambayo nyingine huweza kuisahihisha.

Mapafu yana maji na vena kava imejaa: huyu ana ya kutoa na ana nafasi ya kutolewa. Endelea na lengo lako, ukichunga kasi.

Mapafu makavu na vena kava nyembamba: usimtoe maji kwa mazoea. Huenda uzito mkavu umepitwa na wakati, huenda alitapika au kuharisha, huenda ameanza kula vizuri na kilo alizoongeza ni za mwili wake. Mwambie daktari uzito huo uangaliwe upya. Kwa maoni yangu ni kwa huyu ndipo ultrasaundi inapojilipia, kwa sababu mizani ilikuwa inatuamrisha tumwangushe.

Mapafu yana maji lakini vena kava ni nyembamba: huyu ndiye wa kuogopwa. Maji anayo, lakini hayako mahali ambapo mashine inayafikia haraka. Mara nyingi albumini iko chini, au moyo wa kushoto unashindwa kusukuma. Ukimharakisha ataanguka ndani ya saa ya pili. Ukimwacha atatweta nyumbani. Dawa yake ni muda: kikao kirefu zaidi, au cha ziada wiki hiyo ikiwezekana, kasi ndogo, na maji ya dayalisisi yaliyopozwa. Kupunguza joto la maji ya mashine hadi kama nyuzi 36 au 35.5 husaidia mishipa kukaza na presha kushikilia. Utafiti mkubwa wa Kanada wa mwaka 2022 haukuona kupoza kwa wagonjwa wote kukiokoa maisha, na wengi waliona baridi. Kwa hiyo napenda kupoza kama msaada wa mtu anayeanguka, na shuka nzito iwe karibu.

Mapafu makavu lakini vena kava pana: usiseme "amejaa" ukatoa maji. Shinikizo kwenye mishipa ya mapafu, vali inayovuja, fistula inayopitisha damu nyingi mno, au maji yaliyozunguka moyo, yote huupanua mshipa huu. Huyu anataka picha ya tatu.

Moyo

Eko kamili, yaani picha ya moyo kwa ultrasaundi, yahitaji probu yake, mtu aliyesomea, na pesa. Siyo kitu cha kufanya kila kikao, wala haina haja. Kituo kisicho na mtaalamu huandika rufaa, iwe kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee wa mji bado huiita Makadara, au hospitali ya binafsi kwa mwenye uwezo.

Kinachoonekana huko hakionekani kwingine. Moyo ulionenepa kuta kwa presha ya miaka mingi huwa mgumu, haujai kwa urahisi. Ukipungukiwa na maji kidogo tu, damu inayotoka inashuka sana. Huyu huanguka hata kwa kasi ndogo, na vena kava yake isikuonye. Moyo dhaifu wa kusukuma nao una simulizi yake. Kuyajua haya hubadilisha mpango wa miezi, si wa leo tu: dawa zipi zipunguzwe, saa ngapi za kikao, kasi ipi isivukwe.

Kuna kitu kimoja cha moyo ambacho kila nesi wa figo angestahili kufundishwa kukitambua: maji ndani ya mfuko wa moyo. Wagonjwa wasiosafishwa vya kutosha, na mara mbili kwa wiki huwaacha wengine hapo, huweza kupata uvimbe wa mfuko huo na maji yakaubana moyo. Presha huanza kushuka kwenye kila kikao bila sababu, vena kava ni pana na haibonyei, na anayesoma vena kava peke yake atasema "ametuna, toa maji". Kumtoa maji huyo kwaweza kumuua. Kwa probu ileile ya tumbo, chini ya kifua, utaona weusi unaouzunguka moyo. Ukiuona, usianze kutoa maji wala kuweka heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwite daktari hapohapo.

Wapo pia wanaopima damu inayotoka moyoni huku miguu ya mgonjwa ikiinuliwa. Ikiongezeka kwa asilimia 10 au zaidi, moyo unaonyesha una kiu ya damu, na kutoa maji ni kutafuta anguko. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2016, kwa wagonjwa mahututi, kuwa jaribio la miguu hubashiri vizuri, ingawa wao hawakutumia ultrasaundi. Kwa ICU nalipendekeza. Kwa chumba chenye viti kumi na foleni mlangoni, bado si wakati wake.

Vipimo vingine vinavyouzwa pembeni

Kipimo cha kupitisha umeme mdogo mwilini hukadiria maji yote ya mwili, hakihitaji ujuzi mkubwa, na chafaa kuangalia uzito mkavu mara moja kwa mwezi. Hakisemi lolote la moyo, na vifaa vyake vya kubandika hugharimu. Kile cha ndani ya mashine kinachofuatilia damu inavyozidi kuwa nzito wakati wa kikao kina mvuto, lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 wenye wagonjwa 443 uliona waliofuatiliwa nacho walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiofuatiliwa. Kama pesa ni za kitu kimoja, mimi ningenunua probu.

Nani apimwe, na lini

Si kila mtu kila kikao. Anayeongeza kilo moja na nusu, haanguki, analala bila mito mitatu, mwache apumzike. Pima mapafu na vena kava kabla ya kikao kwa aliyeanguka kikao kilichopita, kwa aliyetoka kulazwa wodini, kwa aliyebadilika mwili akanenepa au kukonda, na kwa mgeni ambaye uzito wake mkavu bado ni wa kukisia. Wote wengine, mara moja kwa mwezi yatosha. Andika matokeo kwenye faili, upande uleule kila mara, pamoja na kasi ya kutoa maji na presha ya chini kabisa ya siku hiyo. Baada ya wiki kadhaa utaona picha ipi inamwambia kweli mgonjwa yupi.

Na kwa mama, mke au mtoto anayemleta mgonjwa wake: una haki ya kuuliza. Akianguka vikao viwili mfululizo, muulize daktari kwa upole kama uzito mkavu umeangaliwa upya, kama dawa za asubuhi zaweza kusogezwa hadi baada ya kikao, na kama amewahi kupigwa picha ya moyo. Usizisogeze dawa mwenyewe. Njoo nazo zote kwenye mfuko, na ueleze amekunywa vikombe vingapi tangu kikao cha mwisho, pamoja na uji, supu na chai, kwa kuwa hivyo navyo ni maji.